Ndege ya Kuchorwa, Ukuta Mweupe

Mwalimu wa sanaa akiandika ubaoni “Kutoroka na Safari” kuwa mada ya mradi wa muhula, anaweza kuzitaja kazi zitakazorudi kabla hazijachorwa. Sanduku limefunguka, mawingu yanatoka ndani. Tundu la ndege, mlango wazi. Kitabu kimetandazwa, na juu ya kurasa zake umeota mlima na jahazi. Dira. Ndege ya karatasi. Msichana kakaa dirishani, katupa mgongo, mbele yake jua linazama kwa rangi ya chungwa. Mkono wenyewe mara nyingi si mbaya. Lakini zipange kazi ishirini za namna hiyo ukutani, uone kama utamtambua wa Tanga, wa Kisumu na wa Bujumbura, au utajua kila mmoja anakimbia nini. Wote wamekwenda pale pale, kwenye picha walizoletewa na simu baada ya kuandika maneno mawili ya mada.

Wa ajabu zaidi ni ufukwe. Mwanafunzi wa Nungwi au Diani anapochora mchanga mweupe, mnazi ulioinama na maji ya samawati, amechora anapoishi, ila kwa jicho la mgeni aliyelipa nauli kuja kupumzika. Tangazo la hoteli ya jirani lilishaifanya kazi hiyo. Yeye, anayepita nyuma ya ukuta wa hoteli hiyo kila asubuhi kwenda shule, angetorokea wapi? Mradi ulipaswa kuanzia hapo.

Kiswahili kingewasaidia kama wangekisikiliza. Ukiambiwa “Fulani amesafiri,” swali linalokutoka ni “Kaenda wapi?” Ukiambiwa “Fulani ametoroka,” unataka kwanza kujua katoroka wapi: shuleni, kambini, jela, kwa mume. Safari hutajwa kwa mwisho wake, utoro hutajwa kwa mwanzo wake. Ukitaka kitenzi kikubebee na mahali pa kufikia, sharti ukirefushe: katorokea Mombasa. Na neno hilo lina uzito. Kabla ya mtoro wa darasani anayewekewa alama kwenye rejesta, alikuwapo mtoro wa shambani. Katika karne ya 19 watumwa waliokimbia mashamba ya pwani waliitwa watoro, na baadhi yao walijenga vijiji vyao wenyewe. Fuladoyo, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, kilikuwa kimojawapo. Kwa hiyo mada ya mwalimu ina ncha mbili, na darasa zima limechora moja. Picha ya kutoroka isiyoonesha palipotorokwa ni picha ya utalii tu.

Swali la kazi ni hili: utaziwekaje ncha zote mbili ndani ya picha moja bila kuikata katikati, giza kushoto na nuru kulia, kama bango la kampeni ya afya? Jibu bora tunalolijua limekuwapo mitaani kwetu kwa miongo mingi. Ni pazia la studio, lile ambalo mafundi wenyewe huliita bakgraundi.

Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni mjini Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vya mbao vilivyopambwa kwa maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi, na picha zilitumwa nyumbani. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, aliandika sana kuhusu wapiga picha hao. Huko Shama, Ghana, mpiga picha Philip Kwame Apagya alijulikana kwa mapazia ya rangi kali yaliyochorwa sebule yenye televisheni na friji, au ngazi ya ndege anayopanda mteja. Bamako, Mali, mwenzao Seydou Keïta alianza na shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye matamvua, akawa analibadilisha pazia kila baada ya miaka michache. Baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani. Na Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, Samuel Fosso alifungua studio akiwa na miaka 13. Filamu ikibakiwa na picha chache baada ya wateja kuondoka, alijipiga mwenyewe kwa mavazi na mikao ya kila namna, na baadhi ya picha hizo alimtumia bibi yake Nigeria. Huyu alishaionja vita ya Biafra, huko huko Nigeria, akiwa mtoto. Aliyekimbia kweli hakuhitaji kuchora tundu la ndege.

Kinacholifanya pazia kuwa somo kwa mwanafunzi ni pindo lake. Fundi wa studio alilificha: alisogeza kamera, au alikata picha pembeni, kwa sababu mteja alilipia ndege, hakulipia ukuta. Leo picha hizo zikichapwa nzima kwa ajili ya maonesho, tunaona na kile kilichokatwa: bomba lililobeba kitambaa, sakafu ya saruji, ndala kando. Ndege iko pale, na Likoni iko pale. Hakuna anayedanganywa, na nadhani hata mama aliyeipokea picha kijijini hakudanganywa. Alijua vizuri kuwa mwanawe hajapanda ndege, na bado aliitia kwenye fremu.

Basi tuchukue kwamba mwanafunzi ameamua kutengeneza pazia la ngazi ya ndege na kuwapiga wenzake picha mbele yake, pindo likionekana. Wazo ni rahisi kulisema. Hufia kwenye vipimo.

Kitambaa ni marikani. Hapa mwanafunzi mwerevu atasita kidogo, maana jina lenyewe limesafiri: ni shiti za pamba walizoleta Zanzibar wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa kikabaki na jina la kilikotoka hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kuikatiza biashara ya pamba yao. Kuchora ndege ya kwenda Marekani juu ya kitambaa kiitwacho marikani ni mzaha ambao hauhitaji kuelezwa. Uandikwe mstari mmoja kwenye daftari la michoro, uachwe.

Kwa pazia la mita 3 kwa upana, nunua mita 7 za marikani yenye upana wa mita 1.5. Ifue kwanza kwa maji ya moto. Marikani mbichi ina wanga na ikilowa hurudi, mara nyingi kwa sentimita 4 au 5 katika kila mita. Anayeruka hatua hii ataona pazia likijikunja siku ya rangi ya kwanza na mistari yake yote iliyonyooka ikipinda. Likikauka, kata vipande viwili vya urefu wa mita 3 na kitu, uviunge kwa mshono wa kulala, ubavu kwa ubavu. Watu wengi huunga kwa mshono wa kusimama katikati, na matokeo yake ni ufa unaoshuka kutoka mawinguni hadi kwenye kichwa cha mteja. Mshono wa kulala unafichika, kwa sababu picha yenyewe ina mstari wa kulala: upeo wa macho.

Fanya hesabu. Kipande cha juu kikishafuliwa kina kama mita 1.43. Toa sentimita 8 za mfereji wa kupitishia bomba na mshono wenyewe, inabaki mita 1.35 hivi. Bomba likining'inia mita 2.4 kutoka sakafuni, mshono utaangukia mita 1.05. Hapo ndipo upeo wa macho uchorwe, na hapo hapo, mita 1.05 kutoka sakafuni, ndipo lenzi ya kamera ikae. Usikadirie kwa jicho. Vuta uzi wenye unga wa chaki kutoka ncha hadi ncha, uupime kwa pima maji ya fundi mwashi, kisha uupige. Upeo wa macho ukichorwa juu zaidi ya lenzi, mteja ataonekana kama amesimama shimoni. Ukichorwa chini zaidi, atakuwa jitu linaloelea. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi katika mapazia ya wanafunzi, na wengi hulitibu kwa kuongeza mawingu.

Kipande cha chini kitashuka hadi sakafuni na kubakiza sentimita 35 hivi za kutandaza. Zitandaze. Mpaka ule ambapo lami iliyochorwa inaishia na saruji ya darasa inaanza utakuwa sehemu yenye maneno mengi kuliko zote kwenye picha.

Rangi ya kwanza: changanya nusu lita ya gundi nyeupe ya seremala na lita 2 za maji, paka, acha ikauke usiku kucha. Gundi ikizidi, pazia huwa gumu kama boksi na hupasuka rangi likikunjwa. Juu yake paka rangi ya maji nyeupe iliyopunguzwa makali, sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji. Eneo lote ni kama mita za mraba 8, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha na kubakiza ya kuchanganyia na rangi nyingine. Rangi ya mafuta iache kwa wachora vibao. Kwenye kitambaa hupasuka, na mng'ao wake hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi, mbingu ikawa na doa jeupe lisilo jua wala mwezi.

Mbingu yenyewe ichorwe na watu wawili kwa pamoja, mmoja na rola mwingine na brashi pana, kitambaa kikiwa kimelowanishwa kwa pampu ya kunyunyizia maji. Kwenye joto letu rangi ya maji hukauka kwa dakika chache, na mtu mmoja hawezi kuuwahi mpito wa samawati kwenda nyeupe. Huishia na matabaka kama keki. Pazia likishakauka lisikunjwe kama shuka. Livingirishe kwenye bomba la plastiki la inchi 4, upande wa rangi ukiwa nje.

Sasa ngazi. Hapa mwanafunzi analazimika kuchagua, na uchaguzi wake ndio utakaoonesha kama ameielewa kazi. Ikiwa kamera iko mita 4 kutoka kwenye pazia na mteja amesimama mita 1.5 mbele ya pazia, basi mteja yuko karibu na lenzi na ataonekana mkubwa kuliko vilivyochorwa, kwa mara 1.6. Mlango wa ndege ulio sawa na yeye ungehitaji kuchorwa kwa urefu wa zaidi ya mita 2.6, na pazia lote lina 2.4. Kwa hiyo ndege ichorwe mbali. Mlango wa mita 1 kwenye kitambaa utasomeka kama mlango halisi ulio mita 7 hivi kutoka kwa kamera, na mteja atakuwa abiria aliyesimama uwanjani akisubiri. Kivuli chake kitaanguka sakafuni nyuma yake, mbingu itabaki safi. Ila hagusi chochote. Ndege si yake.

Akitaka kupanda, atengeneze kipandio halisi: boksi la plaiwudi lenye kimo cha sentimita 18, upana 30, urefu 60, lililopakwa rangi ile ile ya ngazi iliyochorwa na kubanwa kwenye pazia. Mteja anaweka mguu mmoja juu yake, na ngazi inaendelea kwenye kitambaa. Sasa yuko sentimita 30 tu mbele ya pazia, vipimo vinakaribia kulingana, mguu na rangi vimeshikana. Lakini kivuli chake kinaanguka juu ya mbingu. Huwezi kupata vyote viwili kwenye chumba cha kina cha mita 5. Mapazia ya vibanda yalikumbana na hali hiyo hiyo, na picha nyingi zina kivuli cha mtu kwenye mawingu. Tungemshauri mwanafunzi achague kivuli bila kusita. Mawingu yanayopokea kivuli cha mtu yamekiri kuwa ni kitambaa.

Jambo dogo la ngazi linalowashinda wengi: kipandio kilicho chini ya upeo wa macho huonesha uso wake wa juu, mahali pa kukanyagia, kilicho juu ya upeo hakioneshi, unaona mbele yake tu. Mwanafunzi huchora nyuso za juu kwenye vipandio vyote hadi mlangoni, ngazi ikaonekana inamwagika kuelekea kwetu. Na mwanga: jua lililochorwa kushoto linataka taa ya kweli kushoto. Dirisha la darasa likiwa kulia, geuza jua, maana dirisha halitageuka.

Kamera ya simu inatosha. Lenzi kuu ya simu nyingi, ikishikwa wima mita 4 kutoka kwenye pazia, huona upana wa karibu mita 4. Pazia lina 3. Kwa maneno mengine pindo litaingia kwenye picha lenyewe, nusu mita kila upande, na bomba juu. Kazi ya mwanafunzi ni kutolikata baadaye, na kujiuliza ni nini kikae kwenye hiyo nusu mita. Tungekataza mapambo. Kikae kile kilichokuwapo: dawati lililovunjika, ndoo, ratiba ya zamu, mwenzake anayengoja zamu yake ya kupanda ndege akiwa na ndala mkononi.

Maelezo ya kazi, yale maneno 150 au 200 yanayobandikwa kando, huharibu miradi mingi mizuri. “Kazi yangu inachunguza hamu ya binadamu ya kuwa huru” inaweza kubandikwa chini ya tundu la ndege, chini ya kitabu chenye mlima, chini ya chochote. Aandike kilichofanyika: pazia ni marikani mita 3 kwa 2.4, limechorwa kwa rangi ya maji. Kila aliyepigwa picha aliulizwa anaondoka wapi, si anakwenda wapi, na jibu lake ni hili. Majibu ndiyo maelezo. Na kwenye daftari la michoro aache ile hesabu ya mlango iliyokataa, na jaribio la kwanza ambapo mteja alizama shimoni. Anayesahihisha mradi hutafuta njia iliyopitwa, na daftari safi mno humtia shaka.

Kuna pingamizi la haki hapa. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa alijenga miji ya ndoto kwa kadibodi, karatasi, makopo ya soda na vizibo vya chupa, majengo yanayong'aa bila dalili ya dhiki, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA la New York lilimfanyia maonesho makubwa. Yeye alijenga mwisho tu wa safari, mbona tunamheshimu? Tazama kwa karibu. Mwaka 1994 alijenga Kimbembele Ihunga, na hicho ni kijiji alichozaliwa, kimegeuzwa jiji lenye maghorofa na uwanja wa mpira. Jina la palipotorokwa ndilo kichwa cha kazi. Hata katika miji isiyo na jina la nyumbani, kizibo cha soda kinaendelea kuwa kizibo cha soda, na umaridadi wa gundi yake ni wa mtu aliyewahi kukarabati vinyago vya makumbusho Kinshasa. Pindo halikosekani kwake. Liko ndani ya vifaa. Mwanafunzi anayetaka kufuata njia hiyo anakaribishwa, ila ajue anahitaji uvumilivu wa mikono ambao muhula mmoja hautoshi kuujenga.

Kwa aliyebaki na pazia lake, ipo hatua moja zaidi ambayo haigharimu karibu chochote. Studio nyingi za mitaa yetu leo hazina tena ndege wala meli. Kinachoingiza pesa ni picha za hati, na pazia lake ni ukuta mweupe. Visa ya Marekani inataka picha ya milimita 51 kwa 51, nyuma peupe, kichwa kutoka kidevuni hadi utosini kati ya milimita 25 na 35, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi. Visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inataka milimita 35 kwa 45. Uso mbele, mdomo umefungwa, hakuna maua, hakuna mkao. Mtu anayesafiri kwa njozi hupewa ndege nzima. Mtu anayesafiri kweli hupigwa picha mbele ya patupu, kwa sababu ofisi haitaki kujua anatoka kwenye chumba gani.

Basi mteja yule yule, siku ile ile, kwa shati lile lile, ashuke kwenye kipandio na asimame mbele ya ukuta mweupe wa darasa. Picha ya pili ifuate vipimo vya ubalozi bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye maonesho, ile ya ndege ichapwe sentimita 60 kwa 80, pindo, bomba na ndoo vikionekana. Ile ndogo ibaki na milimita zake 35 kwa 45, itundikwe kando yake, katikati yake ikiwa sentimita 150 kutoka sakafuni, bila fremu wala kioo. Mtazamaji aliyerudi nyuma hatua tatu ili aione ndege itabidi asogee hadi pumzi yake iguse ukuta ili auone uso. Itundikwe kwa pini moja, ipenye karatasi kabisa. Picha iliyotobolewa hakuna dirisha la ubalozi litakaloipokea.